UZI: Pasaka ni siku 50, mbona sisi tunaimaliza Jumatatu?

Msakristia wa Pwani · Jumatatu, 13 Aprili 2026

Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa ndugu wa madhehebu mengine humu, Bwana asifiwe.

Wadau, nina jambo limenikaa kooni tangu juzi, naona niliseme hapa kabla halijawa kinyongo.

Mimi ni msakristia huku Bagamoyo. Kazi yangu ni nguo za altare, mishumaa, divai, ubani, kengele. Mtu wa kazi hii mwaka wake hauanzi Januari, unaanza Dominika (Jumapili) ya kwanza ya Majilio, majuma yale ya kungoja Krismasi, na kalenda yake ni kabati la kasula, vazi la juu la padre wakati wa Misa. Zambarau ikitoka najua tunangoja au tunatubu. Nyeupe, tunasherehekea. Nyekundu ni damu ya mashahidi au moto wa Pentekoste. Kijani ndiyo inayokaa nje muda mrefu kuliko zote. Na kuna ile ya waridi inayoonekana mara mbili tu kwa mwaka, Dominika ya tatu ya Majilio na ya nne ya Kwaresima.

Sasa jambo lenyewe. Juzi Jumamosi, siku ya saba ya Pasaka, nilifika alfajiri kuandaa Misa nikakuta mshumaa wa Pasaka haupo mahali pake. Mchana kulikuwa na harusi, kamati ya mapambo walitaka nafasi ya maua, wakauhamishia stoo. Niliukuta umelazwa juu ya viti vya plastiki, na msumari mmoja wa ubani kati ya ile mitano umedondoka. Nilipouliza, kijana mmoja akanijibu kwa upole kabisa: "Si Pasaka imeshapita?"

Sikuwa na hasira naye, maana hilo ndilo tulilomfundisha. Kwaresima tunaishika sawasawa. Jumatano ya Majivu watu hujaa mpaka nje ya milango, na wala si sikukuu ya amri, yaani siku ya lazima kwenda Misa. Njia ya Msalaba kila Ijumaa, jumuiya zote zipo. Ikifika Pasaka: mkesha, pilau, nguo mpya, Jumatatu tuko ufukweni, Jumanne kila mtu kazini kwake. Jumanne ile Misa ya asubuhi tulikuwa sita. Kanisa limepambwa, wimbo wa Utukufu unaimbwa kama Dominika, na tuko sita.

Mmoja wa wale sita ni bibi mmoja wa hapa mjini ambaye hakosi. Tulipotoka akanishika mkono akaniambia, "Mwanangu, harusi gani hii isiyo na fungate?"

Watu wa Pwani mmelielewa neno hilo. Ndoa ikifungwa hatuwaambii maharusi kesho asubuhi waende shamba. Kuna siku saba za kukaa ndani, wanaletewa chakula, wanatunzwa, hawaulizwi kazi. Kanisa nalo lina fungate yake, linaiita Oktava, siku nane kuanzia Dominika ya Pasaka, na kila siku kati ya hizo inahesabiwa kama Pasaka yenyewe. Na Oktava ikiisha, sherehe bado inaendelea hadi Pentekoste. Kwaresima ni siku 40. Pasaka ni siku 50. Furaha imepewa siku nyingi kuliko toba, na hayo ni makusudi. Mtakatifu Atanasi, askofu wa kale wa Aleksandria, aliziita siku hizi zote Dominika moja kuu.

Leo ni siku ya tisa. Mwaka huu Pentekoste ni 24 Mei. Nawauliza wenzangu, huko kwenu mnaziishije siku hizi?

---

Binti wa Ngamiani · Jumatatu, 13 Aprili

Bwana Yesu asifiwe kaka. Mimi ni Mlutheri, niko Tanga mjini. Umenigusa hapo kwenye fungate, nimemsomea mama uzi wako naye akatikisa kichwa.

Na kwetu ni vilevile. Ibada ya Pasaka alfajiri tunaenda na giza, tunaimba mpaka jua linatoka, ila Dominika inayofuata mabenchi ya nyuma yako wazi. Wazee wetu waliofundishwa na wamisionari wa Kijerumani, wale walioingia Tanga na Usambara miaka ya 1890, waliachiwa desturi ya kila Dominika baada ya Pasaka kuwa na jina lake la Kilatini, linalotokana na maneno ya kwanza ya wimbo wa kuingilia. Mbili ninazozikumbuka ni Jubilate, yaani shangilieni, na Cantate, imbeni. Mwaka huu Cantate ni 3 Mei, na kwa Walutheri ndiyo Dominika ya muziki. Kwaya yetu tumeamua siku hiyo kuimba nyimbo za ufufuko tu, si mchanganyiko.

Kuna siku tunazozishika vizuri lakini. Siku ya Mikaeli na Watoto, mwishoni mwa Septemba, hakuna mtoto anayebaki nyumbani, wao ndio wanaosoma, wanaoimba na wanaoongoza. Na Sikukuu ya Mavuno, mnada baada ya ibada: mkungu wa ndizi, jogoo, gunia la machungwa ya Muheza, mtu ananunua kwa bei mara tatu na anarudisha linadiwe tena. Kwa nini hizo zinatushika na siku 50 zinatuponyoka? Nadhani ni kwa sababu kule kuna kitu cha kushika mkononi.

---

Msakristia wa Pwani · Jumanne, 14 Aprili

Dada, asante sana, na mama nisalimie. Hapo kwenye kitu cha kushika mkononi umenena.

Tazama Kwaresima ilivyojaa vitu vya mkononi. Majivu yanatokana na matawi ya Dominika ya Matawi ya mwaka uliopita. Kwetu matawi ni ya mkindu na makuti machanga ya mnazi. Watu huyachomeka juu ya mlango au nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu, yanakaa mwaka mzima mpaka yanakuwa rangi ya chai. Dominika ya mwisho kabla ya Majivu tunatangaza yarudishwe. Nayachoma mwenyewe nyuma ya sakristia, ndani ya karai kuukuu, na lazima uwe siku isiyo na upepo. Mkindu unashika moto haraka, unalia kama mafuta ya kukaanga, unaisha. Kapu zima linakupa majivu ya kujaza kikombe kimoja. Halafu nasaga kwa kijiko, nachekecha kwa chujio la chai, mara mbili, kwa sababu yakibaki na vipande yanakwaruza paji la uso. Na wanaoanza kazi hii niwaonye: msiyaloweshe sana. Majivu yakikaa na maji ni kama magadi, yanachoma ngozi, na watoto watalia.

Ukiyafanya hayo kwa mikono yako, huhitaji mtu akueleze kwamba shangwe ya Matawi na vumbi la Majivu ni kitu kimoja.

Kwaresima ina jambo moja tu lisilotuumiza huku kwetu, nalo ni Ijumaa bila nyama. Mtu wa Bagamoyo mboga yake ya kila siku ni samaki. Ukimwambia asile nyama Ijumaa hujamnyima kitu. Wazee waliokuwa makini walijichagulia kingine, kahawa ya jioni, au tumbaku, na fedha yake wakaipeleka kwa maskini.

Pasaka nayo ina vitu vyake vya mkononi, tumevisahau tu. Mshumaa ni mmoja. Maji ya ubatizo yaliyobarikiwa usiku wa mkesha ni mengine, chupa ndogo tu nyumbani inatosha. Adhuhuri badala ya Malaika wa Bwana tunasali Malkia wa Mbingu, tena kwa kusimama. Na je, mmegundua kwamba Dominika hizi somo la kwanza halitoki Agano la Kale? Ni Matendo ya Mitume, mfululizo, mpaka Pentekoste. Kanisa linatusomea yaliyofuata baada ya kaburi kuwa tupu, nani alikwenda wapi, nani aliogopa, nani alifungwa.

---

Mtoto wa Ngalawa · Jumanne, 14 Aprili

Nauliza kwa nia ya kujifunza. Krismasi haihami, kwa nini Pasaka inahamahama? Mwaka jana ilikuwa 20 Aprili, mwaka huu 5 Aprili.

---

Msakristia wa Pwani · Jumanne, 14 Aprili

Kwa jina lako hilo nitakujibu kwa lugha ya bahari.

Krismasi inafuata jua, tarehe moja kila mwaka. Pasaka inafuata mwezi. Desturi iliyotokana na Mtaguso wa Nisea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, ni hii: chukua 21 Machi, tafuta mwezi mpevu unaoangukia siku hiyo au baada yake, Dominika inayofuata ndiyo Pasaka. Kwa hiyo haiji kabla ya 22 Machi wala kupita 25 Aprili. Ndugu zetu Waorthodoksi wanatumia kalenda ya zamani ya Yuliani, ndiyo maana mara nyingi tunapishana.

Sasa angalia matokeo yake. Mwezi mpevu wa Pasaka siku zote unaangukia ndani ya Juma Kuu. Mwaka huu ulikuwa Alhamisi Kuu, 2 Aprili. Wewe unajua mwezi mpevu unaleta nini: bamvua. Siku zile tunazokumbuka mateso ya Bwana ndizo siku bahari inapojaa kupita kiasi na kukauka kupita kiasi. Mimi Alhamisi Kuu baada ya kuabudu Ekaristi hutembea mpaka ufukweni. Kengele zimenyamaza tangu Utukufu, hazitalia tena mpaka Mkesha. Mwezi uko juu, maji yamefika kwenye mizizi ya minazi. Bustani ya Getsemane usiku ule nayo ilikuwa chini ya mwezi wa namna hiyo, maana Pasaka ya Kiyahudi huwa katikati ya mwezi.

Na majirani zetu Waislamu nao wanafuata mwezi. Mwaka huu Majivu ilikuwa 18 Februari na Ramadhani ikaanza wiki hiyohiyo. Mji mzima umefunga. Mimi nikirudi kutoka Njia ya Msalaba nakuta jirani ameshaniwekea uji na tende. Hilo nimeona nilitaje kwa sababu ni zuri.

---

Neno Pekee · Jumatano, 15 Aprili

Wapendwa nawaheshimu, ila nina swali zito. Paulo anawaambia Wagalatia, sura ya 4 mstari wa 10, kwamba wanashika siku na miezi na nyakati na miaka, naye anaogopa kuwa amejitaabisha bure kwao. Sisi kanisani kwetu kila Jumapili ni ufufuko. Hizi rangi na hesabu za siku hazimfungi mtu?

---

Msakristia wa Pwani · Jumatano, 15 Aprili

Ndugu yangu, swali lako ni la haki na nimelitafakari kabla ya kujibu.

Kwanza tunakubaliana: kila Dominika ni Pasaka. Wakristo walianza kuishika Dominika kabla ya sikukuu nyingine yoyote, hizo nyingine zimezaliwa humo. Na Paulo alikuwa anawaonya watu waliodhani siku zenyewe zinawahesabia haki. Mtu akidhani hivyo leo, onyo linamhusu, hata awe mimi.

Lakini nikueleze kilichonifanya nizipende. Kalenda inamlazimisha mhubiri apite njia asiyoichagua. Sisi masomo ya Dominika yanazunguka miaka mitatu, mwaka A ni Matayo, B ni Marko, C ni Luka, na Yohane anapewa sehemu kubwa ya Kwaresima na Pasaka. Huu ni mwaka A. Padre hawezi kuruka fungu gumu, na mimi siwezi kuchagua kusikia baraka tu. Kuna mwaka nilikuwa na furaha zangu na Kwaresima ikaniambia kaa chini. Kuna mwaka nilikuwa na msiba na Pasaka ikaniambia simama.

Huo wa msiba nitausimulia. Mama yangu alifariki wiki ya pili ya Pasaka. Kwenye mazishi, kama ilivyo desturi yetu, mshumaa wa Pasaka uliwekwa karibu na jeneza. Mshumaa uleule ambao wiki mbili nyuma nilikuwa nimeuinua gizani Jumamosi usiku, ambao padre alichora juu yake msalaba, Alfa na Omega na tarakimu za mwaka. Niliuwasha mwenyewe. Kasula ilikuwa nyeupe, Aleluya iliimbwa. Shangazi mmoja aliniuliza kwa uchungu kwa nini tunaimba hivyo msibani. Sikuwa na jibu la maneno, nilimwonyesha mshumaa.

Ndiyo sababu juzi nilipoukuta umelazwa stoo juu ya viti niliumia vile.

---

Neno Pekee · Jumatano, 15 Aprili

Pole sana kaka kwa mama. Nimekuelewa. Bado nina maswali yangu lakini nimekuelewa.

---

Mwenyeji wa Dunda · Alhamisi, 16 Aprili

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi nawatembeza wageni pale Misheni. Wageni wengi wanataka mnara wa Livingstone tu, picha, basi. Msakristia, hivi waliotutangulia pale waliadhimishaje sikukuu hizi?

---

Msakristia wa Pwani · Alhamisi, 16 Aprili

Milele amina, mkuu. Swali lako limenifungulia mlango.

Wamisionari wa Roho Mtakatifu walianza misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, na kanisa lao la kwanza, lenye ule mnara, ni la 1872. Walioishi pale wengi walikuwa watu waliokombolewa utumwani. Na jambo ambalo wengi hawalijui: enzi hizo Mkesha wa Pasaka haukuwa usiku. Ulifanyika Jumamosi asubuhi, jua limewaka. Moto mpya uliwashwa mchana kweupe, Mbiu ya Pasaka inasifu usiku ule mtakatifu huku jogoo wanawika. Masomo yalikuwa 12, yote kwa Kilatini. Papa Pius wa Kumi na Mbili ndiye aliyeurudisha Mkesha usiku, kwa majaribio mwaka 1951, kisha kwa Kanisa zima kuanzia 1956.

Leo masomo ya Agano la Kale ni saba. Padre akibanwa na muda anaweza kupunguza, lakini moja haliruhusiwi kuachwa kamwe: kitabu cha Kutoka, sura ya 14, Waisraeli wanavuka bahari kutoka utumwani. Nikilisikia likisomwa kwa Kiswahili, hapa, ambapo watu walifikishwa pwani na minyororo na kuvushwa baharini kwenda sokoni Zanzibar, huwa siwezi kukaa. Nasimama nyuma ya nguzo.

Na kuhusu Livingstone, waambie wageni wako hili. Mwili wake uliletwa na watumishi wake Chuma na Susi na wenzao kutoka Chitambo, kijiji alikofia, katika Zambia ya leo, ukafika Misheni 24 Februari 1874 ukalazwa pale mnarani. Nilikaa na kalenda nikapiga hesabu. Mwaka 1874 Majivu ilikuwa 18 Februari na Pasaka 5 Aprili. Ni tarehe zilezile za mwaka huu wetu, siku kwa siku. Kwa hiyo mwili ulifika Jumanne ya wiki ya kwanza ya Kwaresima, altare imevaa zambarau. Alizikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili, na huku Bagamoyo siku hiyo ilikuwa siku ya 14 ya Pasaka.

---

Mwenyeji wa Dunda · Alhamisi, 16 Aprili

Siku kwa siku! Hii naibeba. Keshokutwa ndiyo 18, nina kundi la wanafunzi.

---

Binti wa Ngamiani · Ijumaa, 17 Aprili

Kaka, kuhusu moto mpya: huko kwenu masika hayawasumbui? Pasaka yetu mwaka huu tuliimba na mvua juu ya bati, mchungaji hasikiki anasema nini.

---

Msakristia wa Pwani · Ijumaa, 17 Aprili

Yanasumbua sana dada. Vitabu vilivyoandikwa Ulaya vinasema Pasaka inakuja na majira ya kuchipua, baridi inaisha. Sisi inakuja na masika. Kuni nazianika ndani wiki nzima, nazifunika na turubai, vifuu vya nazi navitunza tangu Januari kwa sababu vinashika moto hata hewa ikiwa na unyevu. Mwaka huu mvua ilianza wakati padre anabariki moto. Tukahamia barazani, moto ndani ya jiko la mkaa. Waumini wakawasha mishumaa yao wakiikinga kwa viganja, upepo wa bahari ukazima robo yake, na kila aliyezimiwa akaomba kwa jirani.

Lakini mimi siyalalamikii masika. Wiki ya Pasaka ndiyo mahindi yanatoka ardhini, mpunga wa mabondeni unasimama. Kwa Majilio vilevile: wao wana theluji, sisi tuna kaskazi, joto, na maembe yanaanza kuiva. Taji la Majilio nalifunga kwa matawi ya mvinje, na mishumaa minne juu yake, mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi. Kwa jua la Desemba mishumaa inapinda kabla ya Dominika ya nne, kwa hiyo naiweka ndani ya mtungi wa maji ikisubiri siku yake.

---

Msakristia wa Pwani · Jumamosi, 18 Aprili

Naleta mrejesho. Jana jioni nilizungumza na kamati ya mapambo. Nilikwenda na msumari wa ubani mkononi, ule uliodondoka, nikawaeleza ile mitano ni madonda matano ya Bwana. Yule kijana wa "si Pasaka imeshapita" ndiye aliyeuyeyushia nta na kuurudisha mahali pake. Tumekubaliana: harusi za kuanzia leo mpaka 24 Mei mshumaa hauguswi, maua yatapangwa kuuzunguka. Mwenyekiti wao amesema maharusi watapiga picha nzuri zaidi hivyo, na naamini.

Jumuiya yetu nayo imeanza kusali Njia ya Mwanga kila Ijumaa, vituo 14 vya ufufuko, saa ileile tuliyokuwa tunasali Njia ya Msalaba. Jana tulikuwa 17. Bibi alikuja na kigoda chake.

Leo siku ya 14. Misa saa 12 asubuhi tulikuwa 11.